Bunduki Iliyopigwa Msasa

Ukitaka kumuudhi Glory Massawe, mwulize anapiga nini.

"Sipigi kitu," atakujibu, na utaona shingo imeanza kukaza.

Glory ni muuguzi wa wagonjwa wa figo, Grand Prairie, karibu na Dallas, mwaka wa kumi na nne sasa. Anakusanya bunduki, na hajawahi kuua hata sungura. Bunduki zenyewe ni tano, zimefungiwa kwenye sefu iliyojaza nusu ya chumba ambacho mumewe, Deo, alitaka kiwe ofisi yake. Si za vita. Ni za zamani za kuwindia, zile za risasi moja moja: ukishapiga unavuta komeo kwa mkono, ganda linatoka, unasukuma, risasi nyingine inaingia. Tena si kila bunduki ya namna hiyo. Anazitaka zile ambazo fundi mmoja alikaa na mteja mmoja, akampima mkono na bega kama fundi cherehani anavyompima mtu suti, kisha akachonga kitako cha mti kitakachomfaa mtu huyo peke yake. Nyingi ni za miaka ya hamsini na sitini. Fundi alichukua mtambo wa bunduki ya jeshi iliyobaki baada ya vita, akatupa kila kilichokuwa kibaya, akaanza upya.

Yote yalianza kwa meza ya chakula. Baba yake Glory alikuwa seremala Moshi, mtu wa vitanda na makabati, na Glory alikua akilala juu ya maranda. Basi mwaka ule walipohamia nyumba kubwa, alikwenda kwenye nyumba moja ya jirani ambako watoto wa marehemu walikuwa wanauza kila kitu kilichomo ndani. Meza ilikuwa ya mbao za kubandika, hovyo. Lakini kwenye kona, katikati ya miavuli, kulikuwa na bunduki. Akaishika kwenye kitako. Mbao ilikuwa imepakwa mafuta kwa kidole, tone kwa tone, wiki baada ya wiki, na pale kiganja kinaposhika palichongwa mistari midogo inayokatana, mamia kwa mamia, na hakuna hata mmoja uliopinda. Alirudi nyumbani bila meza.

Tangu siku hiyo hana amani, na wa kumkosesha ni watu, siyo bunduki.

Kwanza wauzaji. Akienda kwenye maonyesho ya bunduki Dallas au Fort Worth, anamlazimisha Deo amsindikize, kwa sababu sanduku la bunduki ni zito. Deo ni mtu wa kompyuta, ofisi yake iko Richardson, na anaziogopa bunduki kama watu wanavyoogopa nyoka. Glory anauliza swali la maana kabisa, labda kama mtutu umewahi kubadilishwa. Mwenye meza anamtazama Glory, kisha anageuka na kumjibu Deo.

"Ndugu yangu," Deo husema, akiinua mkoba wa mkewe, "mimi nimebeba pochi tu."

Pili kanisani. Mama mmoja wa jumuiya, aliposikia habari za sefu, alimvuta Glory pembeni baada ya ibada na kumwuliza kwa sauti ya huruma kama Deo huwa anampiga.

Lakini hao wote anawavumilia. Asioweza kuwavumilia ni wale wanaotengeneza kitu ambacho hakijaharibika. Yule aliyetoboa chuma cha miaka sitini ili afunge darubini ya dukani. Yule aliyekata kitako kwa msumeno kwa sababu mwanawe alikuwa mfupi. Na zaidi ya wote, mwenye msasa. Glory anaweza kukaa saa nzima akikueleza: ukishasugua mbao ile, umeondoa mkono wa fundi na mikono ya wote walioishika baada yake, na hakuna duka unapoweza kuununua tena. Binti yao Natalia, ambaye hujibu kila kitu kwa Kiingereza, alimwambia siku moja kwamba amelisikia somo hilo mara nyingi kuliko Baba Yetu.

Sasa, kulikuwa na fundi mmoja aliyemnyima Glory usingizi kwa miaka minne. Aliitwa Vrana, mtu wa ukoo wa Kicheki, aliyekuwa na karakana kwenye mji mdogo magharibi ya Houston. Hakutengeneza nyingi. Wanaojua wanasema hazifiki arobaini, na zilizojulikana ziko mikononi mwa watu wasiouza. Alama yake ilikuwa herufi V ndogo, imegongwa chini ya mtutu pale mbao inapoificha. Glory alikuwa ameiona moja tu, nyuma ya kioo, na mwenye nayo alimkataza hata kupumua karibu nayo.

Mwezi wa pili mwaka huu akapigiwa simu na Kezia, Mkenya waliyesoma naye uuguzi, siku hizi yuko Houston.

"Glory, si bado wewe ni yule wa bunduki?" Kezia alisema. "Kuna jamaa wa kanisa letu hapa Alief, Mkongo, anaitwa Wilondja. Amekuwa aki-take care ya mzee fulani mzungu miaka saba. Mzee amekufa, amemwachia bunduki kwenye wosia. Jamaa hajui afanye nini nayo. Nikutumie picha?"

Picha ilikuja. Ilipigwa jikoni, gizagiza, bunduki imeegemezwa kwenye friji, na robo yake ilifichwa na kidole cha mpigaji. Hata hivyo Glory alisimama katikati ya korido ya hospitali. Aliijua ile shingo ya kitako. Aliujua ule mkunjo chini ya pale mpigaji anapolaza shavu, mwembamba kama ukingo wa bakuli.

Alimpigia Wilondja saa ile ile ya mapumziko.

"Kaka, nisikilize," alisema. "Hiyo bunduki usiiguse. Usiisafishe. Usiipake chochote. Iache na vumbi lake, iache na mikwaruzo yake. Mimi nakuja kuinunua Jumamosi ya wiki ijayo. Umenielewa?"

"Ndiyo, dada. Nimesikia mzuri," alisema Wilondja. Sauti yake ilikuwa ya upole, nzito. "Usiwe na wasiwasi."

"Usiiguse kabisa."

"Hapana, dada. Kabisa."

Jumamosi hiyo Glory na Deo waliondoka asubuhi. Ni mwendo wa saa nne kushuka Houston, na Deo aliutumia kueleza kwamba kwa muda huo angeweza kukata majani, kubadilisha oili ya gari na kulala. Kwenye siti ya nyuma Glory alikuwa na bisibisi zake, taa ndogo, na blanketi la kuifungia bunduki. Alikuwa amevaa hereni.

Wilondja aliwapokea nje ya jengo la fleti, amevaa suti. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mabega ya mtu aliyezoea kuinua wagonjwa. Mkewe, Clothilde, alikuwa amepika tangu alfajiri: sombe, yaani kisamvu chao, samaki, bugali, wali, kuku.

"Mukae kwanza," alisema Wilondja. "Barabara ni murefu. Mukule."

Hakuna njia ya kukataa chakula cha namna hiyo. Glory alikula huku macho yake yakizunguka kila kona ya sebule. Deo aliongeza sombe mara mbili na kuanza kuuliza linavyopikwa. Ikaja chai. Yakaja maombi, na maombi ya Clothilde hayakuwa mafupi. Ndipo Wilondja aliponyanyuka, akaingia chumbani, akarudi amebeba kitu kilichofungwa kwenye kitenge kipya, akakiweka mezani na kukifunua kwa mikono miwili.

Iling'aa.

Iling'aa kama jeneza la tajiri. Mbao ilikuwa imepigwa msasa hadi ikapauka, kisha ikapakwa vanishi, na si mara moja. Ile mistari ya kiganjani, iliyochongwa mmoja mmoja, ilikuwa imejaa vanishi mpaka ukipitisha kidole unahisi kama unapapasa sahani. Mtutu nao ulikuwa umesuguliwa kwa stilwaya ya kusugulia masufuria. Ule weusi wake wenye bluu kwa ndani ulibaki mabaka mabaka.

"Siku tatu, dada," alisema Wilondja kwa furaha. "Siku tatu sikulala mzuri. Angalia vile inang'aa!"

"Imependeza!" alisema Deo.

Glory alimtazama mumewe kwa namna ambayo Deo anasema hataisahau.

"Kaka Wilondja," alisema taratibu, "mimi nilikwambia nini kwenye simu?"

"Ulisema nisiguse."

"Nilisema mara ngapi?"

"Mara mingi." Furaha ilianza kumtoka usoni. "Lakini dada, mugeni akisema musipike, si ni heshima tu? Utamwacha na njaa? Nilijua unasema vile juu hutaki kunisumbua."

Glory alitoka nje bila viatu. Alisimama kwenye maegesho, kati ya gari lao na pipa la takataka, akahesabu hadi mia kwa Kichaga, kwa sababu kwa Kiswahili angefika haraka mno. Alikuwa anamwona waziwazi yule Mkongo aliyemvalia suti, siku tatu ameinama na msasa wake, anapuliza vumbi, anasugua tena. Hakuna alichokifanya mtu huyu kisichokuwa cha wema. Hilo ndilo lililomkera zaidi. Angekuwa mtu mbaya, Glory angemtukana, wakamalizana.

Aliporudi ndani, Wilondja alikuwa amekaa na mikono magotini.

"Mzee nilimwosha miaka saba," alisema, bila kuulizwa. "Kila siku alikuwa safi. Sasa kitu yake nitoe chafu kwa mugeni? Ningemwaibisha."

"Sawa, kaka. Yameshapita," alisema Glory, ingawa hayakuwa yamepita. "Acha niangalie chini kama kuna kilichobaki."

Akavuta komeo kuhakikisha hakuna risasi ndani, na hapo mkono wake ukasita. Komeo lilikuwa upande wa kushoto, si kulia kama kawaida. Picha ilipigwa kutoka upande wa pili, hakuliona. Mtambo wote ulikuwa umegeuzwa, kazi ambayo mafundi wengi waliikimbia.

"Mzee wako alikuwa wa mashoto?"

"Hapana. Mukono wa kuume. Kula, kuandika, yote, wapwa wake waliniambia, kabla ya ile ugonjwa."

Glory alitoa bisibisi, akafungua skrubu mbili, akatenganisha chuma na mbao, akawasha taa yake. Chini ya mtutu, pale msasa na stilwaya havikufika, weusi wa bluu ulikuwa mzima kama siku ulipotoka karakana, na katikati yake ile V ndogo. Na ndani ya mfereji wa mbao, kwa penseli, kulikuwa na mwandiko mwembamba ulioinamia upande. Mafundi wa zamani walikuwa na desturi hiyo, kujiandikia vipimo mahali ambapo hapaonekani. Yalikuwa maneno ya Kiingereza, naye akayasoma kwa sauti akiyageuza Kiswahili, kwa sababu wote walikuwa wameinama wanamsikiliza.

"'Ya Lurlene. Kushoto. Bega dogo, isimwumize. Elfu moja mia tisa hamsini na saba.'"

Clothilde alishika mdomo.

"Lurlene ni bibi yake, mwanamuke wake," alisema Wilondja. "Alikufa mbele, mimi sijafika pale."

Kisha akaeleza, polepole, na safari hii hata Deo aliweka kikombe chini. Mzee alikuwa amepigwa na kiharusi. Miaka yote saba hakuweza kusema neno lililonyooka. Ila kila jioni alitaka apewe bunduki ile, aiweke mapajani, aipapase. Kisha alinyoosha kidole ukutani, kwenye picha ya mkewe, halafu kwenye bunduki, halafu tena kwenye picha, mpaka anakasirika na kulia.

"Mimi nikafikiri anataka nipanguse picha," alisema Wilondja. "Nilikuwa napangusa. Kila siku nachukua kitambaa, napangusa ile picha. Miaka saba, dada. Yeye anasema, 'Hii ni ya bibi yangu,' na mimi napangusa vumbi."

Aliichukua ile mbao kutoka mikononi mwa Glory, akausoma mwandiko mwenyewe, midomo ikicheza. Glory alijua kitakachofuata kabla hakijasemwa. Muuguzi anazijua nyuso.

"Dada, utanisamehe," alisema Wilondja. "Siuzi tena."

Barabara ya kurudi ilikuwa na foleni. Glory aliendesha mwenyewe maana alihitaji kitu cha kushika. Walipita Conroe, wakapita Huntsville. Karibu na Corsicana Deo akajaribu kuongea.

"Lakini mama Natalia, kama usingeifungua na kumsomea yale maneno..."

"Deo."

"Nasema tu. Ungeinunua kwanza, ndipo ufungue."

"Deo, nyamaza."

Deo alikuwa anasema kweli, na hicho ndicho kilichomkera Glory. Yeye mwenyewe, kwa bisibisi yake na taa yake, alikuwa ameiondoa bunduki mikononi mwake. Miaka minne ya kutafuta, na alipoipata ilikuwa imesuguliwa; akaiona imesuguliwa akaitaka hivyo hivyo; akaitaka hivyo hivyo akanyimwa. Aliwaambia wenzake kazini kwamba amekoma. Alitishia kuuza zote tano na kununua meza.

Jumanne Wilondja akapiga simu.

"Dada, nimewaza juu ya ile vanishi. Ulisema ni mbaya. Basi nitaitoa mimi mwenyewe. Niko na msasa ingine, mukali kuliko ile ya kwanza..."

"Weka chini!" Mgonjwa aliyekuwa kwenye mashine alishtuka. Glory akatoka koridoni. "Wilondja, weka huo msasa chini sasa hivi. Uko wapi? Umeuweka?"

"Nimeweka."

"Mpe Clothilde aufiche."

Ndivyo alivyojikuta anashuka Alief tena, Jumamosi mbili zilizofuata, halafu nyingine, halafu nyingine. Hakuwa amepanga. Alijiambia kwamba anakwenda kuzuia madhara tu. Vanishi aliitoa kwa dawa na kitambaa, kidogo kidogo, ili isivute mafuta ya zamani yaliyobaki ndani ya mbao. Ile mistari ya kiganjani ilimtia hofu. Alikuwa amejifunza kuichonga kwa mzee mmoja wa Fort Worth, lakini kwenye vipande vya mbao vya kutupa, hajawahi kwenye kazi ya mtu kama Vrana. Kisu chake kilikuwa na meno mawili: jino moja linafuata mstari wa zamani, la pili linakata unaofuata. Ukiteleza mara moja, umeteleza milele. Alikaa karibu na dirisha la sebule ya watu, shingo inauma, watoto wa jirani wanachungulia, Clothilde anaimba jikoni, na Wilondja amesimama nyuma yake akipumua.

"Kaka, usipumue hapo."

"Samahani, dada."

Baada ya dakika tano anarudi pale pale.

"Naweza kusaidia?"

"Hapana."

"Nipanguse vumbi tu?"

"Wilondja!"

Lakini alimsikiliza akisimulia. Mzee alivyopenda chumvi. Alivyokataa kuoshwa na mtu mwingine. Lurlene, kwenye ile picha, alikuwa mwanamke mdogo mwenye kofia kubwa, anacheka na mtu ambaye hayumo pichani. Jumamosi ya nne Wilondja aliileta picha yenyewe, kwa kuwa wapwa wa mzee hawakuihitaji, akaiweka mezani mbele ya Glory. Glory aliikodolea macho kwa muda, akapima bega lile kwa jicho la mtoto wa seremala. Lilikuwa dogo kweli.

Siku hiyo alichonga vizuri kuliko siku zote.

Kazi ilichukua Jumamosi sita. Chuma hakukigusa, mabaka yalibaki mabaka. Mbao haikuwa tena vile ilivyokuwa, na haitakuwa. Ukiijua kazi ya Vrana utaona mara moja mahali ambapo mkono umebadilika, na Glory anapaona kila anapofumba macho. Asiyejua haoni kitu. Ule mwandiko wa penseli haukuguswa.

Siku ya mwisho alifunga skrubu mbili, akapaka tone moja la mafuta ya kitani, akalisambaza kwa kidole gumba mpaka likatoweka, akamkabidhi Wilondja. Wilondja alikaa kwenye kochi, akailaza mapajani. Alikuwa amevaa suti tena. Hakuipapasa. Alikaa tu nayo, viganja vimeinuka kidogo hewani, kama mtu aliyepewa mtoto mchanga na anaogopa kumwamsha.

"Unaweza kuishika," alisema Glory. "Hiyo inaruhusiwa."

"Kweli?"

"Kweli. Kwa mikono mikavu."

Akaishika. Deo, ambaye Jumamosi zote sita alikuwa jikoni akijifunza kupika sombe, alikuja mlangoni na kijiko mkononi, akasimama.

Hakuna aliyezungumzia kuuza. Glory alikuwa na neno hilo kwenye ulimi tangu asubuhi, akalimeza pamoja na chai. Alikusanya visu vyake, akawakatalia chakula cha kubeba, akabebeshwa, akaondoka.

Kwenye barabara kuu, maili ishirini kutoka mjini, lori lilikuwa limeanguka na magari yamesimama. Walikaa pale saa nzima na robo, injini imezimwa, joto linapanda. Glory alipiga usukani kwa kiganja.

"Saa nne kwenda, saa nne kurudi, Jumamosi sita," alisema. "Kwa bunduki ya mtu."

"Ndiyo," alisema Deo.

"Na kazi yenyewe ya nusunusu. Ile kona ya chini, karibu na kifyatuo, umeiona? Mistari mitatu haikunyooka."

"Mimi sikuona, mama Natalia."

"Huwezi kuona wewe." Akavua miwani, akaifuta kwa khanga iliyokuwa kwenye siti, akaivaa. "Ingehitaji siku moja tu kuinyoosha. Siku moja, kama mwanga ni mzuri."

Deo alitazama nje dirishani, akangoja. Magari ya mbele yakaanza kusogea, naye Glory akawasha gari.

"Jumamosi ijayo una kazi?" akamwuliza mumewe.